Tela ya pili: kisa cha fundi wa mashine za joto na baridi, Columbus, Ohio

Shemeji yangu ni fundi wa mashine za joto na baridi za majumbani hapa Columbus, jimbo la Ohio. Kazi ya friji na AC aliianzia Dar es Salaam, akasoma VETA. Alipofika Marekani akaanza upya: mtihani wa EPA, idara ya mazingira ya serikali ya Marekani, wa kuruhusiwa kugusa gesi za AC, miaka kadhaa ya kuwa msaidizi wa watu wengine, halafu kampuni yake ya watu wawili. Mimi nashika vitabu vya hesabu, na siku kazi ikizidi navaa glovu nakwenda kubeba upande wa pili wa mashine.

Kisa hiki ni cha tela yake ya kazi: ya kwanza ilitukosea nini, ya pili tuliichagua vipi. Nimekiandika kwa kirefu kwa sababu nawaona ndugu zetu wengi wanaoingia kwenye ufundi huu Marekani wakinunua tela kwa kuangalia urefu na bei, basi. Nasi tulifanya hivyohivyo mara ya kwanza, na nusura ituue.

Tela ya kwanza ilikuwa boksi la bati la futi 6 kwa 12, ekseli moja, imetumika, dola 3,100. Kwenye bati lake dogo la chuma liliandikwa uzito wa mwisho, pamoja na mzigo: pauni 2,990, yaani kilo 1,356. Namba hiyo inaonekana kwenye tela nyingi sana za ekseli moja, na sababu ni kwamba majimbo mengi yanaanza kudai breki kwenye tela kuanzia pauni 3,000. Mtengenezaji anaandika 2,990 na kuuza tela isiyo na breki. Ekseli yenyewe inabeba pauni 3,500, kwa hiyo fundi anayejua chuma anajiambia kwamba kuna nafasi bado. Shemeji alijiambia hivyo, nami sikuwa na la kumpinga.

Ilikuwa jioni ya Oktoba, mvua nyembamba, kwenye barabara ya I-270 inayouzunguka mji. Tulikuwa tumemaliza kazi Hilliard na kesho yake tulikuwa na nyingine Westerville, kwa hiyo mashine za kesho tayari zilikuwa ndani: fanesi, ambayo ndiyo mashine ya gesi inayopasha nyumba joto, koili yake, na autidoa, kama mafundi wa Dar wanavyoiita ile mashine ya nje. Lori la magurudumu kumi na manane likatupita kushoto. Upepo wake ukaisukuma tela kulia. Tela ikarudi kushoto, ikaenda tena kulia, kila safari kwa nguvu kuliko ile iliyotangulia. Kwenye kioo cha upande wangu nikauona ubavu wake mzima, ukapotea, ukarudi.

Shemeji aliondoa mguu kwenye mafuta na hakugusa breki. Hapo ndipo alipotuokoa. Tela isiyo na breki ikianza kupiga mkia, ukikanyaga breki za gari unalizuia gari la mbele huku la nyuma likiendelea kusukuma, na mkunjo unazidi. Aliushika usukani wima kwa mikono miwili, mwendo ukashuka kutoka maili 60 hadi kama 40, tela ikatulia yenyewe. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipotoka kwenye barabara kuu na kusimama.

"Shemeji," akasema, "kesho natafuta tela kubwa."

Nilimwomba jambo moja: kabla ya kutafuta chochote, twende tukapime hii tuliyonayo, ikiwa vilevile ilivyo, bila kutoa hata msumari.

Mizani ilisema nini

Kwenye vituo vikubwa vya malori kuna mizani ya kulipia ambayo haimzuii mwenye pikapu. Sahani zake zimegawanywa, kwa hiyo unapata uzito wa magurudumu ya mbele, wa nyuma, na wa tela, kila kimoja peke yake. Tulipima mara mbili: kwanza tela ikiwa imefungwa, kisha pikapu peke yake, sisi wawili tukiwa ndani. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili, na sijawahi kuona fedha ya biashara iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Pikapu peke yake, ile Ford F-150: mbele 3,360, nyuma 2,960, jumla 6,320. Pikapu na tela: mbele 3,320, nyuma 3,140, tela 3,320, jumla 9,780.

Toa 6,320 kwenye 9,780. Tela nzima ilikuwa na pauni 3,460, yaani 470 zaidi ya ilivyoandikwa kwenye bati lake. Hiyo ni kama kilo 213, watu watatu wamekaa ndani. Lakini namba iliyonitisha ni nyingine. Magurudumu ya tela yalibeba 3,320 kati ya 3,460, kwa hiyo shingo ya tela ilikuwa imeegemea ndoano ya pikapu kwa pauni 140 tu. Ni asilimia 4.

Tela ya namna hii inatakiwa iegemee mbele kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ikipungua hapo, mzigo umelalia nyuma ya ekseli, na mzigo ulio nyuma ya ekseli ndio unaoipa tela mkia wa kupiga. Kwetu asilimia 10 ingekuwa kama pauni 346. Tulikuwa na chini ya nusu yake. Sababu niliijua mara tulipofungua milango: rafu za vifaa vizito, viungo vya shaba, skrubu na mota, zilikuwa mlangoni kabisa ili mkono uzifikie kwa urahisi. Autidoa nayo huingia ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayotoka ya kwanza.

Kwa hiyo ile tela ilikuwa na makosa mawili yaliyofanana kwa macho. Moja ni uzito kuzidi. La pili ni uzito kukaa pabaya. Tela kubwa zaidi ingelitibu la kwanza na kuliacha la pili likiwa zima.

Jumapili tukaitoa tela yote nje, uani, kitu kimoja kimoja, na kila kitu kikapita juu ya mizani ya bafuni niliyoiweka kwenye ubao. Nilikuwa na daftari. Kila kitu shemeji alitakiwa anijibu swali moja: mara ya mwisho umekigusa lini? Kompresa mbili zilizokufa, ambazo alizihifadhi kwa ajili ya shaba yake. Mota za feni za zamani, tano, "zitafaa siku moja." Vipande vya bati vya dakti, zile njia za kupitishia hewa ndani ya nyumba, visivyofika futi moja. Mifuko miwili ya zege iliyokwisha kuganda. Vali za gesi alizozitoa kwenye fanesi za watu. Ndoo ya viungo vya chuma ambavyo hata yeye hakukumbuka vilitoka kazi ipi.

Vitu visivyoguswa kwa miezi sita vilifika pauni 640.

Nikaandika hesabu kwenye daftari nikamwonyesha: 3,460 toa 640 ni 2,820. Yaani bila vile vikorokoro, na mashine za kesho zikiwa ndani, tela yake ilikuwa ndani ya uzito wake. Tulikuwa tumeigeuza stoo inayotembea. Alilitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akaanza kubeba zile kompresa kuzipeleka kwenye lundo la vyuma chakavu, bila kusema kitu.

Hapo tungeweza kusimama, na kwa fundi wa kazi moja kwa siku ningemshauri asimame hapo: panga upya, sogeza rafu mbele, ihifadhi hela yako. Kwetu sababu mbili zilibaki. Ya kwanza, nyumba nyingi za vitongojini alikokuwa anapata kazi zina mifumo miwili, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Siku hiyo unaongeza kama pauni 400, na 2,820 inakuwa 3,220. Ukishafunga mashine mpya unarudi na za zamani, kwa hiyo mzigo haupungui jioni. Sababu ya pili ni breki. Baada ya jioni ile ya I-270 sikutaka dada yangu awe anamsubiri mume anayevuta tani moja na nusu isiyojua kusimama.

Tela ya futi 20 iliyokuwa inatuita

Mtu mmoja alikuwa anauza tela ya futi 8 na nusu kwa 20, ekseli mbili, breki za umeme, uzito wa mwisho pauni 7,000, dola 8,500. Ilikuwa nzuri. Ndani ungeweza kuweka benchi la kukunjia bati na bado mashine za siku mbili zikakaa. Shemeji aliipenda, na tangazo la pikapu yake lilimwambia kwamba inaweza kuvuta mzigo huo na zaidi.

Namba ya tangazo siyo iliyo kwenye gari lako. Iliyo kwenye gari lako ni ya kibandiko cha manjano na nyeupe, ukifungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo. Kinasema jumla ya uzito wa watu na mizigo usiyotakiwa kuizidi. Cha kwake kilisema pauni 1,540. Sasa fuata hesabu. Sisi wawili, na nguo za baridi, ni 390. Sanduku la zana nyuma ya kebini, 420. Zimebaki 730. Tela ya pauni 7,000 ikijaa na kuegemea mbele kwa asilimia 12 inaweka 840 kwenye ndoano. Pikapu imeshazidiwa kwa pauni 110 kabla haijatoka uani, ingawa tangazo linasema bado ina nguvu. Injini inaweza. Springi, matairi na breki za nyuma ndizo zisizoweza.

Kuna kibandiko cha pili, hiki kiko chini, kwenye ndoano yenyewe, na mara nyingi kimejaa tope. Tulikifuta kwa kitambaa. Bila vile vyuma vya pembeni vya kugawanya uzito, ndoano ya shemeji ilikuwa na kikomo cha pauni 5,000 kwa tela na 500 kwa shingo. Kwa hiyo tulikuwa na namba nne mikononi: ya tangazo, ya bati la tela, ya kibandiko cha mlangoni na ya kibandiko cha ndoano. Tulikubaliana kwamba inayoruhusu tela nyepesi kuliko zote ndiyo bosi. Kwetu bosi alikuwa 5,000.

Ile ya futi 20 tupu ilikaribia pauni 3,200. Ungebaki na 1,800 za mzigo ndani ya chumba ambacho macho yanakuambia kinabeba mara tatu ya hizo. Namjua shemeji yangu, nami najijua. Chumba kikiwa wazi kitajazwa.

Kuhusu upana nilijifunza jambo ambalo wauzaji hawakulisema. Nilidhani tela ya futi 7 ni nyembamba barabarani kuliko ya futi 8 na nusu. Siyo. Ya futi 7 magurudumu yake yako nje ya boksi, na ukipima fenda hadi fenda unapata kama inchi 102, sawa na ile pana, ambayo magurudumu yake yameingia chini ya sakafu na kula nafasi ya ndani. Tofauti iko juu ya magurudumu: boksi la futi 7 linaacha vioo vya pikapu vione nyuma, na linapokea upepo kidogo. Kwa vichochoro vya German Village, mtaa wa zamani hapa mjini wenye barabara za matofali na nyumba zilizobanana, zote mbili ni kubwa. Shemeji alisumbuka sana na hilo, akataka turudi kwenye futi 6. Nikafungua vitabu. Mwaka uliopita alifunga mifumo 61. Iliyokuwa kwenye mitaa ile ni 9. Kazi 9 tutaegesha mtaa wa pili na kusukuma toroli. Zile 52 nyingine haziwezi kuteswa kwa ajili ya 9.

Vani tuliizungumza kwa jioni moja. Kwa fundi wa matengenezo, anayekwenda nyumba sita kwa siku na begi la zana, vani ndefu ya kusimama ndani ni bora kuliko tela yoyote, na hahangaiki na maegesho. Shemeji ni mfungaji wa mashine mpya, na pikapu alikuwa ameshamaliza kuilipia. Tela ya wazi, isiyo na paa, tuliikataa kwa theluji na kwa wezi.

Tuliyoinunua

Futi 7 kwa 14, ekseli mbili, uzito wa mwisho 7,000, tupu pauni 2,240, breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Dola 7,900, mpya. Nyeupe. Kijana wa dukani alitushawishi nyeusi, kwa sababu ndiyo fasheni, lakini boksi jeusi la bati juani mwezi wa Julai ni tanuri, na humo ndani kuna mitungi ya gesi.

Rangi ilichukua dakika mbili; mlango wa nyuma ulichukua wiki. Kuna milango miwili inayofunguka kama ya ghala, na kuna rampu, ukuta mzima wa nyuma unaoshuka na kuwa daraja. Milango ya ghala inafunguka hata kama mtu ameegesha gari karibu na mkia wako, na foklifti ya dukani linaweza kukuwekea mzigo moja kwa moja sakafuni. Rampu inataka zaidi ya futi sita wazi nyuma yako. Lakini autidoa ya tani tatu (tani za nguvu ya kupoza, siyo za uzito) inafika pauni 200, na watu wawili wanaoinyanyua kutoka sakafu ya tela mara mia moja kwa mwaka wananunua maumivu ya mgongo kwa uzee wao. Kwa rampu, mtu mmoja na toroli wanaishusha. Shemeji ana miaka 44. Tukachukua rampu. Tukaagiza na mlango wa ubavuni wa inchi 36 badala ya 32, ili siku rampu ikizibwa, fanesi na toroli vipite pembeni.

Rafu safari hii ziko mbele, ukutani mwa pua. Vitu vizito chini, vyepesi juu. Katikati ya sakafu, juu ya ekseli, ni mahali pa mashine peke yake, na nilipachora kwa rangi ya njano. Rafu ni ya ukuta mmoja tu. Hesabu yake ni hii: ndani kuna kama inchi 80, rafu imekula 16, zinabaki 64, na bati la dakti la futi 4 kwa 10 linalala chini bila kukunjwa. Kwenye springi tulichagua za majani, yaani bapa za chuma zilizolaliana, siyo zile ekseli za mpira uliofichwa ndani ya bomba. Za mpira zinakimbia laini zaidi. Ila Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila msimu wa baridi, na kutu iliyo ndani ya bomba huioni mpaka siku ekseli inaposalimu amri. Jani la springi likivunjika unaliona, na utalipata kwenye maduka mengi ya vifaa vya shamba.

Breki za tela zinahitaji kidhibiti ndani ya kebini, chenye kitufe cha kuzibana breki za tela peke yake. Siku tela inapopiga mkia, kitufe hicho ndicho dawa: kinaivuta tela nyuma ikanyooka. Kuna pia betri ndogo kwenye shingo na waya wenye pini. Tela ikichomoka, pini inatoka na breki zinajifunga. Tunaijaribu kila mwanzo wa mwezi: tunachomoa pini kwa mkono, shemeji anajaribu kuivuta tela polepole, magurudumu yanakataa kuzunguka.

Mitungi

Hapa nilikuwa mkali, na bado ni mkali.

Fundi wa AC anachomelea bomba za shaba kwa asetilini na oksijeni. Kwenye tela ya zamani mitungi yote ilikuwa ndani, usiku na mchana, milango imefungwa. Asetilini inaanza kulipuka ikiwa hata asilimia 2.5 tu ya hewa. Vali iliyofungwa nusu usiku kucha ndani ya boksi lisilopitisha hewa, asubuhi mtu anafungua mlango na kuwasha taa. Cheche ya swichi inatosha. Vani za mafundi zimewahi kupasuka hivyo.

Mtungi mdogo wa asetilini mafundi wa hapa wanauita MC na ule unaofuata B. Majina hayo ni ya zamani, enzi za taa za gesi: MC ni wa pikipiki, B ni wa basi. Wakati huo mitungi ilifungwa nje ya chombo, hewani. Tukairudisha hewani. Shemeji alitengeneza fremu ya chuma cha pembe nyuma ya pikapu, wazi juu, mitungi imesimama wima na minyororo miwili kila mmoja. Asetilini haitakiwi kulazwa. Vali inafungwa, rigyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, inatolewa na kuwekwa kwenye sanduku lake. Inaongeza dakika tatu kila asubuhi.

Gesi za AC zenyewe nazo zimebadilika. Tangu Januari 1, 2025, sheria ya Marekani imezuia kutengeneza mifumo mipya ya majumbani ya gesi zenye nguvu ya kupasha dunia inayofika 700 au zaidi (kaboni dioksidi ikihesabiwa 1), na R-410A tuliyoizoea ina 2,088. Mashine mpya zinakuja na R-454B yenye 466 au R-32 yenye 675. Zote mbili zinashika moto, ingawa kwa shida. Mtungi wake una alama nyekundu na nyuzi zake zinafungwa kinyume, ili mtu asiunganishe mpira wa zamani kwa mazoea. Gesi hizo ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zinatambaa sakafuni. Kwa hiyo tulimwomba mtengenezaji matundu mawili ya hewa chini kabisa ya kuta, pamoja na lile la paa. Mtungi wowote wa gesi ya AC usifike nyuzi 52 za sentigredi. Julai tunabeba wa kazi ya siku ile tu, na jioni unalala gereji, mahali penye kivuli na hewa.

Karatasi

Sheria ya shirikisho inasema gari la biashara linalovuka mpaka wa jimbo likiwa na uzito ulioandikwa wa pauni 10,001 au zaidi, tela ikihesabiwa, lazima liwe na namba ya USDOT, yaani ya usajili kwenye wizara ya uchukuzi ya Marekani. Wengi wanadhani hiyo ni ya malori. Pikapu ya shemeji imeandikwa 7,050. Jumlisha 7,000 ya tela mpya, 14,050. Lakini nilipopiga hesabu ya ile ndogo nilishtuka: 7,050 na 2,990 ni 10,040. Alikuwa amekwenda Richmond, Indiana, mara mbili na ile tela ndogo, na mara zote mbili alipita kwa bahati. Namba tumeichukua, imebandikwa mlangoni.

Bima pia. Ya pikapu ilifunika madhara ambayo tela ingewafanyia watu wengine barabarani. Zana zilizomo ndani, zenye thamani kuliko tela yenyewe, hazikuwamo. Zilihitaji mkataba wake, na tuliukata siku ileile, pamoja na kufuli la kichwa cha shingo na la gurudumu.

Baada ya miezi minane

Tulirudi kwenye mizani ileile. Pikapu na mitungi na sisi wawili, 6,380. Pamoja na tela, 10,500, magurudumu ya tela yakibeba 3,660. Tela nzima 4,120, shingo 460: asilimia 11. Pikapu yenyewe ilikuwa na nafasi ya pauni 210 iliyobaki kwenye kibandiko chake. Siku ya mifumo miwili tela inafika kama 4,520, na mashine ya pili tunaiweka juu ya ekseli hasa, ili shingo isivuke 500.

Tulikosea mawili. Nati za magurudumu mapya zinatakiwa kukazwa tena baada ya maili 50 za kwanza. Tulisahau, na kwenye maili 200 hivi nikakuta moja inazunguka kwa vidole. Na rampu ni plaiwudi. Asubuhi ya kwanza ya barafu toroli liliteleza na fanesi mpya ikaanguka ubavu. Msingi wake ulipinda, hatukuweza kuifunga, na hasara ikawa yetu. Sasa rampu ina vipande vya sandpepa ya kubandika, na ndoo ya mchanga iko mlangoni.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka kazini Dublin, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Columbus. Nilipofungua mlango wa ubavuni kuweka ngazi nikakuta kompresa ya zamani imeketi ndani ya mstari wa njano. Nilimwangalia shemeji. Alikuwa anakunja mipira ya kupimia gesi.

"Hiyo inashuka leo," akasema. "Tunapita kwa wauza vyuma chakavu kabla ya kwenda nyumbani."

Tukapita.